Namna ya Kuupima Msimu wa Anime kwa Haki: Mfano wa Julai hadi Septemba 2025

Kila baada ya miezi mitatu vituo vya televisheni vya Japani huanzisha makumi ya mifululizo mipya ya anime, yaani katuni za Kijapani, na kila msimu unapomalizika mashabiki huulizana swali lilelile: msimu ulikuwaje? Majibu mengi huishia kwenye "mkali sana" au "umepoa", na anayeyapokea habaki na kitu mkononi, kwa sababu hajaambiwa ni nini hasa kilichomfurahisha au kumchosha msemaji. Ninaamini kwamba maoni juu ya anime huwa na uzito pale tu mwenye maoni anapoweza kukuonyesha dakika iliyomfanya aseme anayoyasema. Asiyeweza kuionyesha dakika hiyo anaeleza hali ya moyo wake siku ile, jambo ambalo si baya, lakini halitoshi kuwa kipimo cha kazi ambayo watu wengi wameihangaikia kwa miaka.

Katika mwongozo huu ninaeleza namna ya kufuatilia msimu mmoja mpaka mtu apate maoni ya aina hiyo. Mifano yangu karibu yote inatoka katika majira ya joto ya 2025, yaani Julai hadi Septemba, msimu ulionifurahisha kuliko mingine ya karibuni na ambao pia ulinionyesha mara mbili kwamba nilikuwa nimehukumu mapema.

Kabla msimu haujaanza

Mwaka wa anime una misimu minne, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mfululizo wa kawaida huchukua msimu mmoja, kiasi cha sehemu 12 au 13, na muda huo Wajapani huuita kuru. Mifululizo mingine hupewa kuru mbili zinazofuatana, na mingine hukatwa katikati, ikapumzika kwa miezi kadhaa kisha ikarudi. Jambo moja dogo katika ratiba huwachanganya wengi: kwa kuwa anime nyingi huonyeshwa usiku wa manane, Wajapani huhesabu saa kupita 24, hivyo ukikuta sehemu imepangwa Jumamosi saa 25:30, maana yake ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili.

Hakuna mtu anayeweza kutazama yote kwa makini. Chagua mifululizo mitano au sita, na usiichague kwa tangazo lake, maana tangazo hukusanya dakika bora ambazo tayari zimekamilika na halikuambii lolote kuhusu sehemu ya saba. Tazama kwanza jina la mwongozaji na kazi alizozifanya. City the Animation, kwa mfano, iliongozwa na Taichi Ishidate katika studio ya Kyoto Animation, mtu aliyeongoza Violet Evergarden mwaka 2018, na ilitokana na manga, yaani hadithi ya picha za kuchorwa, ya Keiichi Arawi, ambaye kazi yake nyingine, Nichijou, ilihuishwa, yaani iligeuzwa kuwa anime, na studio hiyohiyo mwaka 2011. Ukizijua habari hizo unajua kwamba vichekesho hivyo vimekabidhiwa watu ambao hawatachora kwa kulipua.

Kisha fanya hesabu ya hadithi asilia na nafasi iliyopewa. Takopi's Original Sin ilikuwa manga fupi ya Taizan 5 yenye sura 16 katika majuzuu mawili, na studio ya Enishiya ikaifanya sehemu sita tu. Hesabu hiyo peke yake yatosha kukueleza kwamba hakuna kitakachorukwa na hakuna kitakachovutwa ili kujaza muda, na kwamba hadithi itakuwa na mwisho. Manga yenye majuzuu 20 inapopewa sehemu 12, swali la kwanza la kujiuliza ni wapi itakatwa.

Mwisho, angalia studio imebeba mizigo mingapi kwa wakati mmoja. Msimu ule CloverWorks ilikuwa na mifululizo mitatu hewani: awamu ya pili ya My Dress-Up Darling, The Fragrant Flower Blooms with Dignity, na Rascal Does Not Dream of Santa Claus. Niliingiwa na wasiwasi, lakini miwili ya kwanza niliyoitazama ilinipendeza macho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Studio kubwa huwa na vikosi tofauti ndani yake, kwa hiyo wingi wa kazi uuchukulie kama sababu ya kutazama kwa makini zaidi, si kama hukumu.

Inafaa pia kukumbuka ni nani mwenye kauli. Anime nyingi za televisheni hulipiwa na kamati ya utayarishaji, ambamo mchapishaji wa manga, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki na wengine huchangia fedha na kugawana haki, huku studio mara nyingi ikiwa imeajiriwa kuifanya kazi hiyo. Tarehe ya kuanza kuonyeshwa haiamuliwi na mchoraji. Unapoona sehemu iliyochorwa kwa haraka, sema kwamba imechorwa kwa haraka, kwa kuwa huo ni ukweli, lakini lawama usimtwishe mtu ambaye huenda amefanya kazi usiku kucha ili sehemu hiyo itoke.

Ni wakati gani wa kuacha

Mashabiki wengi hushika kanuni ya sehemu tatu: upe mfululizo sehemu tatu, na usipokushika, uache. Kanuni hiyo mara nyingi huhusishwa na Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, ambayo katika sehemu ya tatu iligeuka na kuonyesha kwamba haikuwa hadithi nyepesi ya wasichana wenye nguvu za ajabu kama ilivyoonekana. Ninaiheshimu kanuni hiyo, lakini siitumii kama ilivyo, kwa sababu idadi ya sehemu haisemi chochote kuhusu mfululizo ulio mbele yako. Swali ninalojiuliza ni hili: je, umeshaniambia unahusu nini? Ukiwa umeshaniambia na jambo lenyewe halinigusi, ninaacha bila majuto hata kama ni sehemu ya kwanza. Ukiwa bado haujaniambia, ninaendelea.

Turkey! Time to Strike ni mfano mzuri. Kwa sehemu kubwa ya dakika zake za mwanzo ni hadithi ya wasichana watano wa sekondari katika klabu ya mchezo wa bowling, wenye ugomvi mdogo kuhusu kushindana au kucheza kwa raha tu. Sehemu ya kwanza inapokaribia kwisha, wanatupwa katika Japani ya enzi za vita baina ya mabwana wa kijeshi, karne kadhaa nyuma. Aliyezima dakika ya 15 na kuandika kwamba ni hadithi ya kawaida ya klabu ya shule alikuwa ameandika juu ya kitu kisichokuwapo. Simlaumu kwa kuzima. Ninamlaumu kwa kuandika.

Kinyume chake ni The Fragrant Flower Blooms with Dignity, ambayo inakuambia kila kitu katika duka la keki. Rintaro ni mvulana mrefu mwenye sura inayowatisha watu, anayesoma katika shule ya wavulana yenye sifa mbaya, na familia yake ina duka hilo. Kaoruko ni mteja mdogo wa umbo anayekula keki kwa furaha isiyofichika, na anatoka shule ya wasichana wa matajiri iliyo jirani, ambayo wanafunzi wake wanawadharau wavulana wa shule ya pili. Rintaro anadhani amemwogopesha. Kaoruko haogopi hata kidogo. Mtu asiyeguswa na jambo hilo hatalipenda hata akitazama sehemu zote 13, kwa kuwa mfululizo mzima unazunguka juu yake: watu wanaohukumiwa kwa sura na kwa jina la shule yao, na subira ya wale wachache wanaokataa kuhukumu hivyo. Mimi uliniteka palepale.

Kuhusu Takopi, lazima niseme wazi kwamba sehemu ya kwanza inaonyesha mtoto anayeonewa shuleni na anayefikia hatua ya kujitoa uhai. Kiumbe wa rangi ya waridi kutoka sayari ya furaha anamjia akiwa na vifaa vyake vya kuchekesha, na haelewi chochote kuhusu huzuni ya binadamu. Ni kazi kubwa, iliyochorwa kwa ujasiri, na ninaiweka miongoni mwa bora za mwaka ule, lakini mtu anayeshindwa kuubeba mzigo huo na aiache bila kujieleza kwa yeyote. Asiipe alama tu, kwa sababu hakuitazama.

Kosa langu la kwanza lilihusu City. Niliitazama sehemu ya kwanza nikiwa nimechoka, nikaona kelele, rangi kali na watu wanaokimbizana, nikaiacha kwa wiki nne. Nilirudi baada ya kusikia watu wakiizungumzia sehemu ya tano, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeuona mji, nilikuwa nimewaona wapita njia wachache. Mfululizo ule hauna jambo moja unalohusu ambalo linaweza kusemwa katika sehemu moja. Unahusu wingi wenyewe wa watu wanaoishi pamoja, na wingi hauonekani mpaka ukae nao. Tangu wakati huo, vichekesho vyenye wahusika wengi ninavipa sehemu nne.

Daftari la usiku uleule

Hili ndilo jambo moja ambalo ningemwomba kila shabiki alifanye hata kama mengine yote atayaacha. Andika mara tu sehemu inapokwisha, kabla hujasoma neno la mtu mwingine, kwa sababu ukishasoma maoni ya wengine huwezi tena kujua yapi ni yako. Huhitaji kurasa, mistari mitatu au minne yatosha. Andika tukio moja lililobaki kichwani pamoja na dakika yake, kitu kimoja ambacho hukukielewa, na unachodhani kitatokea baadaye. Usiandike alama. Alama ya wiki kwa wiki hupanda na kushuka kwa sababu ya uchovu, njaa na mambo ya nyumbani, na mwishoni wastani wake haukuambii kitu.

Nitatoa mfano wa ukurasa wangu wa sehemu ya kwanza ya The Summer Hikaru Died, iliyohuishwa na CygamesPictures kutokana na manga ya Mokumokuren. Vijana wawili wa kijijini, Yoshiki na Hikaru, wanakula aiskrimu mchana wa joto. Miezi sita kabla, Hikaru alipotea mlimani kisha akarudi. Yoshiki anamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye si Hikaru. Upande wa uso wa rafiki yake unafunguka na kuyeyuka, na kile kilichomo ndani kinamkumbatia na kumsihi asimwambie mtu, kwa kuwa hakitaki kumuua. Katika daftari niliandika hivi: "Kinalia kweli. Yoshiki anajua jibu kabla ya kuuliza, kwa hiyo swali lake si la kutaka kujua. Nyenje: wananyamaza lini?"

Mstari ule wa nyenje ndio ulionifaa kuliko yote. Kuanzia sehemu ya pili nilianza kusikiliza, si kutazama tu, na nikagundua jinsi mwongozaji Ryohei Takeshita, aliyepanga pia maandishi ya mfululizo mzima, anavyoitumia sauti ya wadudu wa majira ya joto kama ukuta unaowazunguka vijana hao, ukuta ambao kimya chake kinatisha kuliko kelele yake. Lile neno "kinalia kweli" nalo lilinibakizia swali ambalo mfululizo wote unalichimba: je, upendo wa kitu kilichochukua mwili wa rafiki yako ni upendo? Kama ningeandika tu "inatisha, 8 kwa 10", swali hilo lingenipita.

Kuutazama mchoro wenyewe

Mashabiki wengi huzungumzia hadithi na kusahau kwamba wanatazama michoro. Sekunde moja ina fremu 24, lakini anime ya televisheni haichori picha 24 kwa sekunde. Mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde, na pale ambapo mhusika anazungumza tu, mdomo peke yake ndio unaosogea. Hiyo ni njia ya kugawa nguvu kazi, na mwongozaji hodari huigeuza kuwa lugha. Kwa hiyo usipime ubora kwa wingi wa mwendo. Mapigano yanayozunguka skrini nzima yanaweza kuwa matupu, na mkono mmoja uliotulia juu ya meza ukabeba sehemu nzima.

Ninachofanya ni kuchagua dakika moja katika kila sehemu na kuirudia mara mbili: mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili nikiwa nimefumba macho. Bila sauti, unaona kamera imewekwa wapi, mwanga unatoka upande gani, nani anaonyeshwa kwa mgongo. Ukiwa umefumba macho, unasikia kazi ya waigizaji wa sauti na muziki bila kudanganywa na uzuri wa picha. Dakika hizo chache hufundisha kuliko kusoma maelezo marefu.

City ndiyo iliyonifundisha zaidi katika jambo hili. Katika anime nyingi, mandhari huchorwa kwa rangi laini zenye vivuli kama picha ya ukutani, na wahusika hubandikwa mbele yake kwa mistari mikali, hivyo jicho hujua daima nani ni muhimu. Katika City, nyumba, miti, vyombo na watu wamechorwa kwa mstari wa aina moja na rangi bapa, karibu bila vivuli. Matokeo yake ni kwamba hakuna kitu kilicho nyuma; chungu cha maua kina haki sawa na mhusika mkuu. Ukishaliona hilo, sehemu ya tano inaeleweka. Skrini inagawanywa katika visanduku vingi, kila kimoja kina watu wake na shughuli yake, na vyote vinakwenda kwa wakati mmoja, mpaka mtazamaji analazimika kuchagua amfuate nani na akubali kuwakosa wengine. Niliitazama mara tatu na kila mara nilitazama mambo tofauti. Huo ni mji, na huo ndio ushahidi ninaoutoa ninapoulizwa kwa nini naiweka juu ya mifululizo mingine yote ya msimu ule.

Soma pia orodha ya watayarishaji mwishoni mwa kila sehemu, hata kama hujui Kijapani. Ukijifunza maneno manne au matano utanufaika kwa miaka. Kantoku ni mwongozaji wa mfululizo mzima, ekonte ni storibodi, yaani michoro ya awali inayopanga kila tukio, enshutsu ni uongozaji wa sehemu husika, na sakuga kantoku ni msimamizi wa michoro. Sehemu yenye wasimamizi wa michoro wengi kupita kawaida mara nyingi, ingawa si siku zote, ni dalili kwamba muda ulikuwa mfupi na marekebisho yakagawanywa kwa mikono mingi. Jina la mtu wa storibodi ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mtazamaji: ukipenda namna sehemu fulani ilivyopangwa, mtafute aliyeichora storibodi yake, utamkuta katika mifululizo mingine. Wakati mwingine utakutana na cheo usichokitarajia kabisa. The Summer Hikaru Died ilimpa Masanobu Hiraoka kazi ya kuhuisha "dorodoro", neno la Kijapani la kuigiza kitu kizito kinachoteleza kama tope, yaani ile hali ya mwili kufunguka na kutiririka. Hapo unaelewa kwa nini kile kilichomo ndani ya Hikaru hakifanani kwa mwendo na kitu kingine chochote katika kijiji kile: kimechorwa na mkono mwingine kwa makusudi.

Hadithi asilia na kazi ya kuihuisha

Ukiwa umesoma manga, una faida na una hatari. Faida ni kwamba unaona uamuzi: wameongeza nini, wameondoa nini, wamesimama wapi. Hatari ni kwamba unaanza kukagua badala ya kutazama, na kila picha iliyopunguzwa unaihesabu kuwa wizi. Ushauri wangu ni kusoma baada ya kutazama, na kama umeshasoma, basi usiirudie manga mpaka msimu uishe.

Tofautisha hadithi isiyokwisha na hadithi iliyokatwa vibaya, kwa maana haya ni mambo mawili. The Summer Hikaru Died ilimaliza sehemu zake 12 bila kumaliza hadithi, lakini ilisimama mahali ambapo uhusiano wa vijana wale wawili ulikuwa umefikia uamuzi, na mtazamaji aliweza kupumua. Awamu ya kwanza ya Dandadan, iliyotengenezwa na Science Saru na kuonyeshwa Oktoba hadi Desemba 2024, ilisimama katikati ya tukio, msichana mhusika mkuu, Momo, akiwa hatarini na msaada haujafika, na watu walisubiri mpaka Julai 2025 kuona sekunde iliyofuata. Niliipenda awamu ile kwa moyo wote, kwa nguvu zake, kwa rangi zinazobadilika kila pepo au mgeni wa anga za juu anapotokea, na kwa jinsi mapenzi ya Momo na mvulana Okarun yanavyokua kwa aibu katikati ya fujo. Lakini pale iliposimama hapakuwa mahali pa kusimama, na siwezi kulifumbia macho hilo kwa sababu tu awamu ya pili ilirekebisha.

Hii inanileta kwenye awamu za pili. Zihukumu kwa yale zinayoongeza, si kwa mapenzi uliyokuwa nayo kwa zile za kwanza. Fūga Yamashiro aliongoza awamu ya pili ya Dandadan pamoja na Abel Góngora, na kwangu ilisimama kwa miguu yake yenyewe, hasa katika habari za kijana anayeitwa Jiji na pepo anayemwingia: tunaonyeshwa maisha ya pepo huyo alipokuwa mtoto kabla hatujaruhusiwa kumchukia, na baada ya hapo kila pigano linauma pande zote mbili.

Kuhusu lugha, neno moja tu. Kama hutazami kwa Kijapani moja kwa moja, unapima tafsiri pamoja na kazi yenyewe. Vijana wa The Summer Hikaru Died wanazungumza lahaja ya kijijini, si Kijapani cha Tokyo, na manukuu mengi, yaani tafsiri zinazoandikwa chini ya picha, hulisawazisha jambo hilo kabisa. Kabla hujaandika kwamba mazungumzo ni makavu, badilisha manukuu au sikiliza toleo lililotiwa sauti za lugha nyingine, uone kama ukavu unabaki.

Msimu unapokwisha

Subiri siku kumi hivi. Sehemu ya mwisho huwa na muziki mkubwa na machozi, na hukumu ya usiku ule huwa ni ya sehemu ya mwisho peke yake. Baada ya siku kumi fungua daftari lako na usome kurasa zote za mfululizo mmoja kwa mfuatano, kisha jiulize ni matukio mangapi unayakumbuka bila kusoma ulichoandika. Mimi nilikumbuka matukio tisa ya City, saba ya The Summer Hikaru Died, na ya Takopi niliyakumbuka karibu yote, ingawa kuna mawili ambayo ningependa kuyasahau. Kwa mpangilio, basi, naanza na City, kisha The Summer Hikaru Died, kisha Takopi's Original Sin, kisha Dandadan, kisha The Fragrant Flower Blooms with Dignity. Ninajua wengi wataiweka Takopi juu kabisa, na ninaelewa. Sababu yangu ya kuishusha ni kwamba sehemu yake ya mwisho inafikia upatanisho kwa haraka kuliko majeraha yaliyoonyeshwa katika zile tano za kwanza, na ninaweza kuionyesha dakika ambayo niliihisi haraka hiyo, pale watoto wawili wanapokutanishwa na kumbukumbu ambayo hawaijui ilitoka wapi. Mwingine atanionyesha dakika hiyohiyo na kusema kwamba ndipo alipolia. Tukifika hapo tunazungumza juu ya kitu kimoja, na ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Unapoandika, anza na tukio, halafu hukumu. Usifichue mambo ya baada ya sehemu ya tatu bila kumwonya msomaji. Usilinganishe kazi mbili ambazo hazikukusudia kufanya jambo moja. Hakuna anayenufaika kwa kuambiwa kwamba hadithi ya wapenzi wa duka la keki haina msisimko wa Dandadan. Na kama mfululizo haukukupendeza, taja angalau jambo moja ulilofanya vizuri, si kwa adabu tu, bali kwa sababu usipoliona hata moja kuna uwezekano mkubwa kwamba hukutazama vizuri.

Kosa langu la pili linahusu mifululizo ya kuru mbili. Gachiakuta ya studio ya Bones Film ilianza Julai 2025 ikiwa na sehemu 24. Rudo, mvulana anayesingiziwa kumuua mtu aliyemlea, anatupwa kutoka mji wa juu hadi shimoni kunakotupwa takataka, akiwa na glavu alizopewa na mlezi wake huyo, na anajifunza kwamba vitu vilivyotunzwa kwa upendo hupata nguvu. Mwishoni mwa Septemba, ilipofika katikati, niliiandikia hukumu pamoja na mingine: michoro ya ukutani na mavazi ni ya kuvutia, hasira ya Rudo inarudiwa mno, nafasi ya saba. Ilikuwa hukumu ya nusu ya kazi iliyovaa sura ya hukumu ya kazi nzima. Sehemu za Oktoba hadi Desemba zilionyesha kwamba ile hasira niliyoiona kuwa marudio ndiyo iliyokuwa ikipimwa, hatua kwa hatua, kila alipokutana na mtu mwingine aliyetupwa kama yeye. Nimeifuta nafasi ya saba kwenye daftari la Julai, na mahali pake nimeandika tu "inaendelea". Ukurasa wake kamili nimeuhamishia msimu wa Oktoba.